Wawili Wawili Juani: Dominika ya 15 ya Mwaka B



Injili ya leo ni fupi, na mwinjili Marko hapambi maneno. Bwana anawaita wale Thenashara, anaanza kuwatuma wawili wawili, anawapa mamlaka juu ya pepo wachafu, kisha anawapunguzia mizigo. Mkate usichukuliwe. Mkoba usichukuliwe. Fedha isiwekwe kibindoni. Kanzu ya pili ibaki nyumbani. Anawaachia fimbo mkononi na viatu miguuni, basi. Mahubiri mengi ya Dominika hii husimama hapo, kwenye ufukara wa mtume, na ni haki yasimame hapo, maana sisi mapadre tuna mizigo mingi ya kuonewa haya. Lakini leo naomba tutazame kitu kimoja ambacho Bwana hakukiondoa. Alimwondolea kila mtume chakula, akiba na nguo ya kubadilisha. Mwenzake hakumwondolea.

Kwa hesabu ya kibinadamu jambo hili ni hasara. Watu kumi na wawili wakitawanyika kila mmoja njia yake, watafika vijiji kumi na viwili. Wakienda wawili wawili, watafika vijiji sita. Mwenyekiti yeyote wa kamati ya fedha angelisema kwamba nusu ya wafanyakazi wanapotea njiani. Walimu wa Maandiko hutukumbusha kwamba katika Torati neno husimama kwa ushahidi wa mashahidi wawili, na kwa hiyo mitume walikwenda wawili ili ushuhuda wao upokelewe. Sababu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo naona iko sababu nyingine, iliyo karibu zaidi na vumbi na jasho la njiani, nayo ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Ili tuielewe, nitawapeleka mbali kidogo, kwenye mchezo ambao wengi wenu hamjauona.

Huko Marekani uko mchezo wa kuendesha baiskeli milimani, kwenye vijia vya porini, mbali na barabara na mbali na nyumba za watu. Katekista mmoja wa kwetu nilipomweleza habari hiyo aliniuliza kwa upole kama watu hao wamekosa nauli. Hawakukosa nauli. Mchezo ulianza miaka ya 1970 kwenye mlima Tamalpais, jirani na mji wa San Francisco. Vijana walichukua baiskeli kuukuu, nzito, zenye matairi manene, wakateremka nazo kwa kasi kwenye barabara ya vumbi. Breki za baiskeli hizo zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kufika chini ya mlima grisi ya kitovu ilikuwa imeungua ikatoka moshi, na kabla ya kuteremka tena ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Barabara ile mpaka leo inaitwa Repack, jina linalotokana na kazi hiyo ya kujaza upya. Kutoka katika mchezo huo wa vijana zikazaliwa baiskeli zenye giya nyingi na matairi yenye meno ambazo sasa tunaziona hata katika miji yetu, na mwaka 1996, kule Atlanta, mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki.

Mwaka 2018 nilikuwa nasaidia kazi za kichungaji huko magharibi mwa Marekani wakati wa likizo ya mapadre wenyeji, na mwezi Julai vijana wachache wa parokia walinialika tufuatane mpaka jimbo la Utah, karibu na mji wa Moab. Nchi ile ni ya miamba myekundu, mikavu, isiyo na mti wa kumfunika mtu. Kuna njia moja huko iliyopita juu ya mwamba mtupu, na kwa kuwa mwamba hauonyeshi alama ya gurudumu, wameupaka vistari vyeupe ili mtu asipotee. Katika hifadhi ya Canyonlands kuna nyingine ndefu zaidi, iitwayo White Rim, inayozunguka katikati ya magenge kwa urefu wa kilometa 160 hivi. Ilichongwa miaka ya 1950 na serikali iliyokuwa ikitafuta madini ya urani. Katika kilometa hizo zote hakuna mahali pa kupata maji ya kunywa. Mtu hushauriwa achukue angalau lita 4 kwa siku, na mwezi Julai, wakati joto linapofika nyuzi 38 na kuzidi, kiasi hicho hakitoshi mtu anayepanda vilima kwa baiskeli. Kwa hiyo gari hufuata nyuma likiwa na mapipa ya maji. Kwa umri wangu nilipewa kazi ya kukaa ndani ya gari la maji, kazi niliyoipokea kwa shukrani.

Sasa sikilizeni jinsi joto linavyomshika mwendesha baiskeli, maana hapo ndipo lilipo fumbo. Nguvu anayoitumia mtu kukanyaga pedali, robo tu au pungufu ndiyo inayosukuma baiskeli. Sehemu nyingine yote inageuka kuwa joto ndani ya mwili wake. Mwenyezi Mungu ameupa mwili jasho ili joto hilo litoke. Basi, mtu akienda kwa kasi mahali tambarare, upepo wa mwendo wake unakausha jasho na anajisikia vizuri. Tena katika nchi kavu jasho hukauka kabla hajaliona, asijue amekwisha kupoteza lita ngapi. Dalili yake ni chumvi tu, ramani nyeupe iliyochorwa mgongoni mwa shati. Kisha anafika kwenye kilima. Mwendo unapungua, upepo unakoma, na hapo hapo miguu inafanya kazi kubwa kuliko wakati wote. Joto lote linapanda kwa pamoja. Likivuka nyuzi 40 ndani ya mwili, linaanza kuharibu ubongo, na kitu cha kwanza linachokiiba ni akili ya kupima mambo. Miguu bado ina nguvu, mikono bado imeshika usukani. Kilichoondoka ni ule uwezo wa kujua kwamba hali si nzuri.

Ndiyo kusema, mgonjwa wa jua ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa.

Siku yetu ya pili tulifika kwenye kilima kikali kiitwacho Murphy Hogback. Kati ya vijana wetu alikuwako mmoja mwenye nguvu kuliko wote, ambaye tangu asubuhi ya kwanza alikuwa akitangulia. Nyuma yake alikuwa binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa uendeshaji alikuwa dhaifu kuliko wengine. Mara nyingi alishuka akasukuma. Kwa sababu alikuwa akisukuma, aliweza kutazama. Akamwona yule kijana mbele yake anayumba, anagonga jiwe ambalo mtoto angelikwepa, anacheka peke yake. Akampigia kelele: “Uko sawa?” Kijana akajibu: “Niko sawa.” Akamuuliza mara ya pili, akajibu vilevile, kwa ukali. Hapo yule mwalimu akabadili swali. Akamuuliza gari letu lina rangi gani, gari alilolipakia kwa mikono yake alfajiri ile. Kijana akafikiri, akataja rangi nyingine kabisa. Baadaye tuligundua ilikuwa rangi ya gari la baba yake.

Basi binti yule akaweka baiskeli yake mwenyewe kukingama njia, akakaa chini mbele yake. Kijana alikasirika. Alimtukana maneno ambayo sitayarudia redioni, akasema kwamba yeye mvivu anataka kumzuia mwenye nguvu. Binti hakujibu wala hakuondoka. Tulipofika na gari tulimlaza kijana kivulini, tukamvua shati, tukammwagia maji kichwani, shingoni na makwapani, tukampepea kwa kipande cha boksi. Hatukumpa ya kunywa mpaka alipoweza kushika chupa na kumeza mwenyewe, maana mtu aliyechanganyikiwa akinyweshwa kwa nguvu anaweza kupaliwa. Na tulimpoza kwanza hapo hapo, kabla ya kufikiria kumsafirisha. Makatekista, shikeni hilo kwa ajili ya vijiji vyenu: aliyepigwa na jua hupozwa kwanza, safari ya hospitali hufuata. Akili ilimrudia polepole, ndipo tukampeleka mjini kwa waganga, akapona. Kesho yake alipoelezwa yale matusi alishangaa, kisha akalia. Hakukumbuka hata neno moja.

Nimelifikiri jambo lile mara nyingi tangu siku hiyo. Chupa ya maji ilikuwa kwenye baiskeli yake, tena haikuwa tupu. Maji aliyokuwa nayo yasingalimwokoa, kwa sababu aliyepaswa kuamua kuyanywa hakuwapo tena. Mkate, mkoba, fedha, kanzu ya pili, vyote ni vitu ambavyo mwenyewe anapaswa kukumbuka kuvitumia. Mwenzake peke yake hangoji kukumbukwa.

Ndugu wasikilizaji, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna adabu nzuri ya salamu, lakini adabu hiyo ina mtego wake. Ukimwambia mtu “Hujambo?”, jibu lake limekwisha kutungwa kabla hajazaliwa: “Sijambo.” Ukimuuliza habari, ni nzuri. Ninakwenda kwenye nyumba ya msiba, mwenye maiti ndani ananijibu “Nzuri, Baba, ila tumefiwa.” Siilaumu salamu yetu. Inamtangulizia Mungu shukrani kabla ya lalamiko. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tukisha kupata lile “nzuri” tunaondoka, hatungoji lile “ila”. Katekista anapita jumuiya nzima, anaandika kwenye daftari kwamba wote ni wazima. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Lakini yuko pia yule ambaye hafichi kitu, anayesema “niko sawa” kwa moyo mweupe kwa sababu jua limekwisha kumnyang’anya kipimo. Mtu wa namna hiyo haitoshi kumsalimu. Muulize swali linalohitaji akili na ukweli. Mara ya mwisho ulikula mezani pamoja na mkeo lini? Deni la kwenye kikundi limefikia shilingi ngapi? Kitubio cha mwisho kilikuwa Pasaka ipi? Ukisikia anataja rangi ya gari jingine, weka baiskeli yako njiani ukae chini.

Wakristo wa kale waliokaa katika jangwa la Misri walilijua jambo hili. Mmonaki Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya pepo anayemjia mmonaki mchana, tangu saa nne hadi saa nane. Na tazameni jinsi sisi hatuna haja ya kugeuza saa zake, maana ni zilezile tunazohesabu kwa Kiswahili. Pepo huyo, anasema, hufanya jua lionekane limesimama. Humfanya mmonaki achukie chumba chake na kazi ya mikono yake, na kumshawishi kwamba upendo umekwisha kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Yaani kama lile joto la mlimani, pepo wa adhuhuri anaanza kwa kumtenga mtu na yule ambaye angeweza kumwona anayumba. Mume anayeanza kupotea anakasirishwa kwanza na mkewe anayemuuliza. Kijana anayeanza kulewa anawakimbia kwanza rafiki wa kwaya. Na padre, niseme wazi kwa kuwa nasema na watu wa nyumbani, padre anayeanza kukauka anaacha kwanza kuwatembelea mapadre wenzake. Wote hao ukiwauliza wako sawa, na aghalabu wale wenye nguvu nyingi, wanaotangulia, ndio wanaoanguka, kwa maana hakuna aliye mbele yao wa kugeuka nyuma na kuwatazama.

Hapa naomba niwageukie makatekista, na pia halmashauri za walei zinazonisikiliza. Katika nyika za Dodoma na Singida, mwezi Oktoba kabla mvua hazijaja, katekista hupanda Phoenix yake baada ya ibada ya asubuhi aelekee kigango cha pili, kilometa 15 au 20, mchanga hadi kwenye rimu, miiba ikimngojea kwenye tairi, jua la utosi. Nyuma amefunga mkoba wenye vitabu vya ibada, pampu na viraka. Yuko peke yake. Tumezoea kumsifu kwa ushujaa wake, na anastahili sifa. Lakini Injili ya leo haijui mtume wa namna hiyo. Parokia ikipata fedha za baiskeli mbili, huwa tunagawa: moja kigango hiki, nyingine kile, kila mmoja na njia yake. Hesabu ni nzuri, vijiji viwili badala ya kimoja. Mimi nasema, na anayetaka kunipinga aniandikie, kwamba ni afadhali kigango kimoja kingoje Dominika mbili kuliko katekista aende peke yake miaka ishirini. Na kama baiskeli ya pili haipatikani, kuna kijana wa kipaimara anayeweza kupakiwa nyuma. Atajifunza ukatekista njiani kuliko atakavyojifunza darasani.

Najua kuna atakayesema kwamba mwenzangu ananichosha, kwamba yeye ni mzito, kila kilima ananichelewesha, na kila neno langu analitia kasoro. Ni kweli, mwenza anachosha. Hata Mtakatifu Paulo alichoshwa. Kitabu cha Matendo ya Mitume hakifichi kwamba yeye na Barnaba walitofautiana vikali kwa ajili ya Yohane Marko, wakaachana. Lakini someni vizuri kinachofuata. Barnaba anamchukua Marko na kwenda Kipro. Paulo anamchagua Sila. Ugomvi ulikuwa mkubwa hata ukawatenganisha mitume wawili, ila haukuwa mkubwa kiasi cha kumfanya mmoja wao aende peke yake. Na yule Marko, ambaye mapokeo ya Kanisa yanamtaja kuwa mwandishi wa Injili tuliyoisoma leo, ndiye anayetuandikia kwamba Bwana aliwatuma wawili wawili. Naona alikuwa na sababu ya kulikumbuka neno hilo.

Mtaniuliza juu ya somo la kwanza, juu ya Amosi, ambaye alisimama peke yake mbele ya kuhani wa Betheli. Ndiyo, ipo saa ambapo Mungu humsimamisha mtu mmoja peke yake. Amosi hakuitafuta saa hiyo. Alikuwa na kondoo wake na mikuyu yake, akachukuliwa huko. Anayeitafuta kwa kiburi chake si Amosi.

Mitume walikwenda, wakahubiri toba, wakatoa pepo, wakawapaka mafuta wagonjwa wengi. Marko hatuambii nani alikwenda na nani, wala ni yupi kati ya wawili hao aliyekuwa mwepesi wa miguu. Injili ya Dominika ijayo itatuonyesha wamekusanyika tena kwa Bwana, wanamsimulia yote waliyoyafanya na kuyafundisha. Naye, kabla ya kuwatuma mahali pengine, atawaita waende faraghani wakapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Hiyo tutaizungumza wiki ijayo, tukijaliwa uzima.

Tumsifu Yesu Kristo.